Adélaïde wa Nyumba ya Kampani

Constantin Bisimwa alikuwa mtu mwema. Kama huamini, ungemwuliza yeye mwenyewe. Miaka saba alipiga rangi nyumba za Wazungu kule Nguba, mtaa wao wa Bukavu, hakukosa misa, na kila lori la kahawa lilipopanda kwenda Miti alimtumia mama yake chumvi na sabuni. Mkewe wa ndoa, Adélaïde, alibaki huko huko Miti kulima shamba la mama mkwe. Kila mwaka aliomba kushuka Bukavu, na kila mwaka jibu lilikuwa lile lile, kwamba mji si mahali pa mwanamke. Mama mkwe naye aliuliza nani atalima. Na bila neno la mume, watu wa Mwami, mtawala wa kwao, hawakumpa mwanamke karatasi ya kutoka.

Mwanamume akiondoka kijijini, husemwa amekwenda kutafuta. Mwanamke akiondoka, husemwa amepotea. Aliyeshuka mjini bila mume alikutana na jina lake likimngoja njiani, nalo ni ndumba, yaani malaya, hata kama alikuwa amekuja kuuza mayai.

Basi mwaka wa hamsini na sita kampuni ya ujenzi aliyofanyia kazi Constantin ikamaliza kujenga nyumba za matofali ukingoni mwa Kadutu, mtaa wa Waafrika. Vyumba viwili, sakafu ya simenti, mabati, na robine ya maji jirani. Nyumba hizo walipewa wafanyakazi wenye mke wa kanisa, na mke huyo ilimpasa ajue kutunza nyumba namna alivyotaka Mademoiselle, Mzungu wa Foyer, shule ya wake wa wafanyakazi. Hapo ndipo Constantin alipokumbuka kwamba ana mke.

Taabu ilikuwa Eulalie. Huyu alikuwa mjane wa mchimba dhahabu wa Mwenga, na kwa miaka minne Constantin alikula, alilala na alifuliwa katika chumba chake cha kupanga, karibu na soko la Kadutu. Eulalie alilipa kodi ya wanawake wasio na mume kila mwaka, na kila mwaka alimwuliza Constantin lini atamwandikisha. Constantin alimjibu kwamba Leta, yaani serikali, haitaki mjini mwanamume mwenye wake wawili, na katika buku lake la kitambulisho jina la mke lilikwisha kuandikwa. Katika hilo hakusema uongo.

“Sasa weye utakuwa dada yangu,” alimwambia jioni moja. “Mutoto wa tonton, baba mudogo, ule wa Mwenga. Kwa muda kidogo tu.”

Eulalie aliacha kusonga bugali. “Dada? Niko na weye miaka ine, na leo niko dada?”

“Juu ya nyumba, Eulalie. Nyumba ya simenti! Ule mwanamuke hajue kitu. Hajue pasi, hajue rido, hajue kahawa ya Bazungu. Mademoiselle akimukuta vile, banatunyanganya nyumba. Weye utamufundisha.”

“Nimufundishe bibi yako kuwa bibi yako.”

“Njo vile,” alisema Constantin, akifurahi kwamba ameelewa upesi.

Eulalie alitaka kumtupia mwiko. Lakini alifikiri: akikataa, Constantin atamtafuta mwingine wa kumfundisha mkewe, na yeye hatauona hata mlango wa nyumba ile. Akikubali, atakuwamo ndani na kuona kwa macho yake. Wivu haupendi kukaa mbali na kinachouumiza. Akasonga bugali hadi ikaiva, akaketi, akakubali.

* * *

Adélaïde alifika juu ya lori la kahawa, na kitambaa chake cha safari, kikapu cha maharage, na pete ya ndoa iliyobana kidole kilichonenepa kwa jembe. Alizunguka vyumba viwili bila kusema neno. Alivua viatu vya kuazima akasimama juu ya simenti kwa nyayo, akaisikia baridi yake. Katika maisha yake hakuwahi kutaka kitu namna alivyotaka kubaki juu ya sakafu ile. Asirudi tena Miti kulima shamba la mtu mwingine huku mumewe akila mjini, hilo tu ndilo aliloomba kwa Mungu.

“Huyu njo dada yangu, Eulalie,” alisema Constantin. “Atakufundisha mambo ya mji.”

Adélaïde alimtazama dada. Alikuwa na viatu, nywele zilizosukwa vizuri, na mikono laini. Akamsalimia kwa heshima zote anazostahili wifi, akamletea kiti.

Siku ya kwanza somo lilikuwa kutandika kitanda. Eulalie alikuwa fundi: shuka la chini hivi, la juu hivi, pembe inakunjwa kama bahasha. Alipotaka kuonyesha namna ya kuingiza shuka upande wa ukutani, alikaa kitandani, akajisogeza, na bila kufikiri akapakwepa mahali pale mbao zinapolia. Kitanda kile Constantin alikuwa amekihamisha kutoka chumba cha kupanga. Mtu asiyekilalia asingejua wapi kinalia.

Adélaïde alishika mto mikononi. “Dada,” alisema kwa upole, “kwetu mwanamuke hakaake ku kitanda ya kaka yake.”

Eulalie aliinuka kama aliyeketi juu ya makaa. “Bukavu iko mbali na kwenu,” alisema.

“Ndiyo. Nimeona.”

Adélaïde alikuwa ameelewa. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuwa kimemkunjia shuka. Angeweza kupiga kelele majirani wakaja, na majirani wa Kadutu huja hata bila kuitwa. Lakini mke mwenye kelele hurudishwa kwao siku hiyo hiyo, na lori la Miti lilikuwa linapanda. Basi akameza, akasema, “Nionyeshe tena ile pembe.”

Tangu hapo alijifunza kwa hasira. Aliunguza shati moja, akalia, na la pili akalinyoosha kuliko mwalimu wake. Alijifunza kuwasha mbabula, jiko la makaa, bila moshi, kuchuja kahawa kwa kitambaa, kutundika rido, pazia la dirisha, ili pindo lisiguse chini. Kila alichojua Eulalie, Adélaïde alitaka akijue, na alipokijua alitaka akijue zaidi yake. Usiku aliwaza viatu vile, na vidole vile laini vilivyomjua mumewe kuliko yeye.

Eulalie naye hakupona. Kila Adélaïde alipoosha vyombo, pete yake iligonga beseni, ngo, ngo, na Eulalie aliisikia ndani ya meno. Huyu mwanamke wa jembe, asiyejua hata uma unashikwa mkono gani, alikuwa na pete. Yeye aliyemfanya Constantin awe mtu wa kuvaa soksi hakuwa na kitu. Nyumbani kwake alifunga uzi kwenye kidole akautazama, kisha akaukata kwa aibu.

Na Constantin? Constantin alinenepa. Alikula sombe kwa mkewe, jioni akapita “kumusalimia dada”, akala tena. Wapiga rangi wenzake walimcheka, naye alicheka pamoja nao. Alijiona mwanamume mwenye akili nyingi sana.

* * *

Mademoiselle angekuja Jumamosi. Nyumba ingekaguliwa, na mke asiyefaa angewapisha wengine waliongoja zamu. Ijumaa Adélaïde alisugua simenti mpaka magoti yakachubuka. Alipiga pasi gauni lake, akalitundika msumarini. Alikuwa tayari, na alijua yuko tayari.

Lakini Jumamosi asubuhi Constantin alimwita Eulalie.

“Juu ya nini?” aliuliza Adélaïde.

“Juu ya Kifaransa. Mademoiselle akiuliza kitu, nani atajibu? Weye?”

“Marcelline wa Foyer anakuya naye. Yeye anageuza maneno.”

“Wacha dada akuye, Adélaïde. Usinitie haya leo.”

Eulalie alikuja amevaa viatu vyake na gauni la maua. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na ua ulikuwa tope tupu. Adélaïde alikuwa bado na kitenge cha kazi, akipanga kwanza kahawa iive ndipo abadili nguo. Makala ya mbabula, yaani makaa, yakapungua. Akachukua ndoo akatoka nyuma kwenye kibanda, na makala yalikuwa yamelowa, ikabidi afukue ya chini. Wakati huo huo gari likasimama mbele, kabla ya saa iliyotajwa, maana Wazungu huwahi pale tu usipotaka wawahi.

Mademoiselle aliingia akipangusa viatu, na nyuma yake Marcelline, msaidizi wake, msichana wa Kabare mwenye joho jeupe. Mademoiselle aliona meza yenye kitambaa na maua ndani ya glasi. Kando ya meza aliona mwanamke nadhifu aliyeinamisha kichwa na kusema, “Bonjour, Mademoiselle.”

“Ah, muzuri sana!” alisema Mademoiselle kwa Kiswahili chake cha kuchonga. “Constantin, bibi yako ni huyu?”

Hapo hapo mlango wa nyuma ukafunguka. Adélaïde alisimama kizingitini na ndoo ya makala, miguu mitupu, tope mpaka kwenye ugoko, na alama ya masizi kwenye paji la uso. Constantin alimwona. Aliona na gauni la maua. Aliona maua ndani ya glasi, na dari, na kuta alizozipiga rangi yeye mwenyewe akidhani ni za wengine. Neno “hapana” lingetosha kuponya kila kitu. Haya ikamshika, akainua kidole chake.

“Njo huyu bibi yangu,” alisema, akimwonyesha Eulalie.

“Na ule?”

“Ule…” Constantin alikohoa. “Ule ni mutu wa kijiji. Anasaidia kazi.”

Adélaïde hakumtazama usoni, alikitazama kile kidole. Kwao mtu haonyeshwi kwa kidole, kwa kidole huonyeshwa mbuzi wa kuuzwa. Na yeye hata kwa kidole hakuonyeshwa. Alitamani ndoo ile yote iishie juu ya kichwa cha Constantin, halafu juu ya gauni la maua. Midomo ilifunguka. Kisha akaiona simenti aliyoisugua, akafikiri kwamba akisema neno sasa, wote watatu watatolewa, na yeye ndiye atakayepakiwa lori. Akainama, akatia makala katika mbabula, akaipepea, akachuja kahawa, akawapa. Mademoiselle alisema haijapata kunywewa kahawa nzuri hivi Kadutu, akamshukuru Eulalie.

Marcelline alipopokea kikombe aliona pete kwenye kidole cheusi kwa makala. Aliitazama, akamtazama mwenye pete, kisha akakiangalia kikombe chake. Akanywa kahawa yake. Mambo ya Kadutu hayapandi Nguba, na aliyeyapandisha hushuka nayo bila kazi.

Mademoiselle alisoma jina la mke katika karatasi yake. “Adélaïde,” alimwita Eulalie, “wewe kuja Foyer kila Jumanne. Wewe kufundisha wengine.” Akawapanga bwana na bibi mbele ya mlango wazi, akawapiga foto. Alipokuwa anaingia garini alikumbuka yule mwanamke wa kijiji. Akasema, na Marcelline akageuza maneno huku akitazama chini: mwanamke asiye na mume hakai mjini hivi hivi. Kabla ya mwezi kwisha aende biro ya sité, ofisi ya mtaa wa Waafrika, akaandikwe na kulipa kodi yake, au arudi kwao.

Gari lilipoondoka hakuna aliyekaa. Kahawa ilibaki mezani.

“Iko maneno ya macho ya Bazungu tu,” alisema Constantin. “Adélaïde, sikiya. Weye rudi Miti kidogo. Mpaka Noeli. Mambo yakipoa nitakuita.”

“Utaniita jina gani?” aliuliza Adélaïde.

Constantin alikwenda kufunga mlango.

Eulalie alikuwa ameshinda. Ndivyo alivyojiambia, na ndivyo alivyosema kwa sauti alipohamisha masanduku yake siku ya pili, maana Mademoiselle aliahidi kupita tena na alipaswa kumkuta. Lakini usiku ule Constantin alipomwita “Eulalie” mbele ya jirani, alikumbuka, akajirekebisha: “Adélaïde.” Eulalie akasikia kama amepigwa kofi. Miaka minne aliomba awe mke, akapewa, na kumbe aliyepewa nyumba ni mwingine mwenye jina hilo.

* * *

Adélaïde alilala kwa jirani. Asubuhi walikutana robine, na wanawake waliokuwa na ndoo walisogea kando kidogo, kila mmoja akajifanya anafunga kitenge.

“Usinitazame vile,” alisema Eulalie. “Hapana miye nilimutuma ainue kidole.”

“Lakini haukukishusha.”

“Na weye ungekishusha? Weye uko na bwana tangu Miti, uko na padri, uko na jina ku buku. Unajua kupangwa mustari pa biro juu hauna bwana? Munganga akukague sawa ngombe, karani akucheke, na kodi ulipe? Miye najua. Miaka yote ile najua.” Sauti ilimpasuka. “Leo nimepata nyumba, na banaita jina yako ndani.”

Adélaïde alimsikiliza. Kwa mara ya kwanza alimwona mwalimu wake bila wivu, kwa muda mfupi tu, kisha wivu ukarudi, maana viatu vilikuwa vile vile na shuka lilikuwa lile lile. Akachukua kipande cha sabuni cha kufulia, akasugua kidole. Pete ilikataa. Akavuta mpaka ngozi ikatoka damu, ikatoka na pete.

“Kamata,” alisema.

“Ya nini?”

“Adélaïde wa nyumba ya kampani atatembea bila pete? Mademoiselle atauliza. Umekamata jina, kamata na hii.”

Eulalie aliivaa pale pale, mbele ya wote, kabla mwenyewe hajabadili nia. Ilikuwa pana. Ilizunguka kwenye kidole chake chembamba, ikaanguka majini ndani ya ndoo yake mwenyewe, na wanawake wakacheka. Akaingiza mkono akaitafuta, uso ukiwa umemwiva.

“Tia uzi,” alisema Adélaïde, akajitwisha ndoo yake akaenda.

* * *

Biro ya sité ilikuwa na karani mmoja wa kuandika wanawake, Léopold, kijana mwenye tai. Mstari ulikuwa mrefu, na wanaume waliopita njiani walirusha maneno. “Ndumba mupya! Mama, bei gani?” Adélaïde alivuta kitenge kichwani. Uso ulimwaka, maana kule Miti alikuwa mke wa mtu, na watu walimpisha njiani.

Hakuja kuandikwa. Wacha tuseme ukweli wake: alikuja kushitaki. Tangu asubuhi alikuwa amepanga maneno, akamwona Constantin akitolewa nyumba ya simenti na kitanda chake kinacholia, akamwona Eulalie akipakia masanduku kwenye tope. Picha hiyo ilikuwa tamu, na aliila njia nzima.

Ukutani nyuma ya Léopold palibandikwa foto za Foyer. Moja ilikuwa ya nyumba yake. Constantin katika koti la kuazima, Eulalie na maua, wote wakikaza macho. Nyuma yao, mlangoni, palionekana pindo la kitenge na mguu mmoja wenye tope. Adélaïde aliutazama mguu huo muda mrefu. Hakuna mwingine ambaye angeujua.

“Jina?” aliuliza Léopold.

“Adélaïde M’Cirhuza.”

“Tena Adélaïde! Sawa ule wa foto.” Léopold alicheka, akachovya kalamu. Aliona kidole chenye alama nyeupe na kidonda. “Bwana yako iko nani?”

Maneno yalikuwa mdomoni. *Ule wa koti, ku foto.* Aliuliza kwanza, polepole:

“Karani, mwanamuke akiwa na bwana, na bwana anasema arudi kijiji, inakuwa namna gani?”

“Anarudi. Bwana njo anajua fasi bibi yake anakaa. Sheria njo vile.”

“Na akisema hana bwana?”

“Analipa kodi, anapewa karatasi yake, anakaa.” Léopold aliinua macho. “Mama, watu wanangoja. Uko na bwana ao hauna?”

Adélaïde alitazama tena ile foto. Alikuwa amefikiri kwamba jina la Constantin ndilo litakalomponya, na sasa aliona kwamba ndilo lori lenyewe la Miti. Akilitaja, mwanamume atapata aibu ya siku chache, na yeye atapata jembe la miaka yote. Ilimwuma kuacha ile picha tamu. Ilimwuma kabisa, kama kumwacha mtoto njiani.

“Sina,” alisema.

“Alikufa?”

“Andika hana.”

Akafungua fundo la kitenge, fedha ya maharage aliyokuja nayo, akalipa. Alipotoka na karatasi yake, mwanamume mmoja barabarani alimwita ndumba tena. Safari hii hakuvuta kitenge.

* * *

Chumba cha Eulalie karibu na soko kilikuwa wazi, na mwenye nyumba alimpa. Alikopa pasi ya makala, akaomba kazi kwa Pascal, mshonaji mwenye cherehani mbili pale sokoni. Suti za Pascal zilitoka kwake zimenyooka namna ambayo makarani walianza kuzigombania. Pembe zilikunjwa kama bahasha. Kiangazi kilipofika alikuwa na pasi yake mwenyewe, kiti cha wageni, na viatu.

Habari hizi zilimfikia Constantin vipande vipande, na kila kipande kilimnyima hamu ya kula. Pascal alimpelekea Adélaïde suruali mwenyewe, hakumtuma mtu. Pascal alikaa kwenye kile kiti. Alicheka, na Adélaïde naye alicheka. Miaka saba Constantin hakuwahi kuuliza nani anacheka na mkewe kule Miti. Sasa alihesabu kila suruali iliyoingia mlango ule. Wapiga rangi wenzake hawakuacha kumchokoza. “Constantin, ule mutu wa kijiji aliyekusaidiaka kazi, siku hizi anamusaidia Pascal!” Yeye alipaswa kucheka pamoja nao, maana kampuni nzima ilijua mke wake ni yule wa foto.

Jioni moja alichukua shati, akaenda. Ilikuwa saa ya kupika, watu wako nje na mbabula zao. Mlango ulikuwa umerudishwa. Ndani ya dirisha suruali mbili za kiume zilining’inia kwenye kamba, na sauti ya mwanamume ilikuwa inazungumza habari ya vifungo.

“Adélaïde, fungua.”



“Adélaïde iko ku nyumba ya kampani,” alijibu Adélaïde. “Bwana yake alimuonyesha kwa kidole, siye wote tuliona. Hapa iko ndumba ya Leta. Kama ni kazi ya pasi, acha shati pa mulango.”

Jirani mmoja alikohoa kicheko.

“Weye ni bibi yangu!” Constantin alipandisha sauti, akaishusha haraka. “Bibi yangu wa padri. Nani iko ndani?”

Mlango ulifunguka. Adélaïde alisimama na pasi mkononi, inatoa moshi mdogo. Nyuma yake Pascal alikuwa kwenye kiti cha wageni, na sindano mdomoni na koti magotini. Constantin alitafuta kosa, hakuliona, na hilo lilimuuma zaidi. Angeliona angalau angejua la kufanya.

“Sema tena,” alisema Adélaïde.

“Uko bibi yangu.”

“Muzuri. Kesho ni Jumanne. Mademoiselle iko pa Foyer. Twende siye wawili, useme pale sawa unavyosema hapa. Miye nitakufuata, na kama utanirudisha Miti, nitarudi. Twende?”

Constantin aliona kichwani mwake nyumba ya simenti, robine, msimamizi wake akisoma karatasi. Akamwona Pascal akingoja jibu bila kupumua, na akaona kwamba Adélaïde pia anangoja. Katika macho yake palikuwa na kitu ambacho kilikuwa bado hakijafa. Wangemwuliza baadaye, angesema hakukiona. Lakini alikiona.

Aliangalia shati lake.

“Hii iko na doa ku kola,” alisema.

Adélaïde alilipokea. Kile kitu machoni kikazimika, naye akalikunjua shati kama la mtu yeyote. “Kuya Alhamisi,” alisema. “Unalipa mbele.”

Akalipa. Njia nzima alitukana mvua ambayo haikunyesha. Mshika mbili moja humponyoka, husema watu; Constantin alikuwa na mbili, na alipofika kwake hakujua ipi iko mkononi.

Eulalie alikuwa ameweka bugali na maharage juu ya kitambaa cha meza. Alikuwa na ile pete, imefungwa uzi mwekundu kwa chini isianguke.

“Ulitoka wapi?”

“Kwa Adélaïde,” alisema Constantin kabla hajafikiri.

Eulalie alimtazama. Jina lile alilolichukia, aliloliitikia kila Jumanne kama anayemeza dawa, sasa alilisikia likitoka mdomoni mwa Constantin kwa namna ambayo halikuwahi kutoka akimwita yeye. Akaivuta sahani. Pete iligonga ukingo wake, ngo.

“Adélaïde njo miye,” alisema, akaibeba bugali yote kuipeleka jikoni.